Presha ya Mapafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akiambiwa kliniki kwamba ana presha ya mapafu, mara nyingi hutoka na karatasi ya majibu mkononi na maswali ambayo hakupata nafasi ya kuyauliza. Haya hapa ni yale yanayorudi kila wiki, kutoka kwa wagonjwa wenyewe na kwa ndugu wanaowasindikiza. Unaweza kuanza popote. Jibu moja likitegemea jingine, nimeelekeza.

## Mambo ya msingi

Presha ya mapafu ni nini hasa?

Moyo ni pampu mbili zilizoshikana. Ya kushoto husukuma damu kwenda mwili mzima. Ya kulia ina kazi moja tu: kuipeleka damu mapafuni ikachukue oksijeni. Presha ya mapafu ni pale msukumo wa damu ndani ya mishipa inayotoka pampu ya kulia kwenda mapafuni unapopanda kupita kiasi na kubaki huko juu.

Kwa kawaida msukumo katika mishipa hiyo ni mdogo sana. Mtu mzima aliyepumzika huwa na wastani wa kama milimita 14 za zebaki. Wastani huo ukivuka 20, tayari ni presha ya mapafu. Zamani mpaka ulikuwa 25, lakini wataalamu waliokutana Nice, Ufaransa, mwaka 2018 waliushusha, kwa kuwa ilibainika kwamba hata walio kati ya 21 na 24 hawako salama kama watu wengine.

Ndiyo ile ile presha inayopimwa mkononi?

Hapana, na mkanganyiko huu huwagharimu watu. Kile kitambaa kinachofungwa mkononi hupima mishipa inayolishwa na upande wa kushoto wa moyo. Mtu anaweza kusoma 110 kwa 70 mkononi, akaambiwa "presha yako nzuri mama", huku ya mapafuni imepanda mara tatu ya kawaida. Dawa za presha ya kawaida mara nyingi haziwi tiba ya hii, na ukizinywa kwa kubahatisha zinaweza kukuangusha.

Uhusiano upo, ila ni wa kuzunguka: presha ya kawaida isiyotibiwa kwa miaka huchosha upande wa kushoto wa moyo, na upande huo ukichoka, mzigo hurudi mapafuni. Tazama swali la vali hapa chini. Njia yake ni hiyo hiyo.

Ni ugonjwa mmoja au mingi?

Ni hali moja yenye vyanzo vingi. Madaktari wameigawa katika makundi matano. La kwanza ni pale ugonjwa unapoanzia ndani ya ateri ndogo za mapafu zenyewe, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni: kwa sababu isiyojulikana, kwa kurithi, kwa dawa fulani, au kwa kufuatana na VVU, kichocho, matundu ya moyo ya kuzaliwa nayo, ugonjwa wa ini au magonjwa ya kinga ya mwili kujishambulia. La pili linatokana na upande wa kushoto wa moyo. La tatu linatokana na mapafu yenyewe au upungufu wa oksijeni wa muda mrefu. La nne ni la madonge ya damu yaliyoziba mishipa na kugeuka makovu. La tano ni mchanganyiko, na humo ndimo imo sikoseli.

Ukitaka kukumbuka jambo moja tu kutoka ukurasa huu, basi muulize daktari wako: "Mimi niko kundi la ngapi?" Dawa inayomwokoa mtu wa kundi la kwanza inaweza kumzamisha wa kundi la pili.

Kwetu Afrika ni kundi lipi lililo kubwa?

La pili. Utafiti uitwao PAPUCO, uliofuatilia wagonjwa 220 katika Afrika Kusini, Kameruni, Msumbiji na Nigeria, ulikuta karibu watu wazima saba katika kila kumi wamepata presha ya mapafu kutokana na upande wa kushoto wa moyo. Habari nyingi za ugonjwa huu mtandaoni zimeandikwa kwa ajili ya wagonjwa wa kundi la kwanza walio Ulaya na Marekani. Ukizisoma, usidhani kila neno linakuhusu.

Inaambukiza?

Haiambukizi. Lakini baadhi ya magonjwa yanayoizaa, kama VVU, kichocho na kifua kikuu, ni ya kuambukizwa.

## Ndani ya mshipa

Mishipa ya mapafu huharibikaje?

Ateri ina matabaka matatu. La nje ni la kushikilia, la kati ni la misuli, na la ndani kabisa ni safu moja ya seli, nyembamba mno, inayogusana na damu. Safu hiyo ya ndani ndiyo yenye amri. Hutengeneza naitriki oksaidi na prostasaiklini, ambazo huiambia misuli ilegee, na hutengeneza endothelini, ambayo huiambia ibane. Mtu akiwa mzima, amri hizo hupishana dakika kwa dakika na mshipa hubaki wazi.

Ugonjwa huanza safu hiyo inapoumizwa: na damu inayopita kwa kasi kupita kiasi, na sumu ya dawa, na virusi, na mayai ya minyoo, au na kasoro ya jeni. Mizani huelemea upande mmoja. Vilegezi hupungua, endothelini huzidi, na mshipa hubana. Hatua hii bado inaweza kurudishwa nyuma.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu. Seli za misuli huanza kuzaliana, na ukuta hunenepa kuelekea ndani. Vishipa vidogo zaidi, ambavyo tangu asili havikuwa na misuli, huota misuli. Tabaka la nje hukakamaa kwa kovu. Damu inayopita kwa shida hufanya madonge madogo na kuziba pale palipobaki wazi. Katika hali kali za kundi la kwanza, seli za safu ya ndani huota ovyo na kufanya kifundo chenye vijia vingi vyembamba, kama mizizi iliyojisokota ndani ya chungu kidogo. Daktari anayechunguza kipande cha pafu kwa hadubini akiviona vifundo hivyo, anajua ugonjwa umekomaa.

Mwishowe baadhi ya vishipa hupotea kabisa. Picha ya mishipa ya pafu zima hufanana na mti wenye vitawi visivyohesabika. Pafu la mgonjwa wa muda mrefu huonyesha shina nene, matawi makubwa yaliyofura, kisha ghafla pembeni hakuna kitu.

Mbona mshipa kupungua kidogo kunaleta shida kubwa hivyo?

Kwa sababu ya hesabu ya mirija. Kipenyo cha mrija kikipungua nusu, ukinzani dhidi ya kinachopita ndani yake hauongezeki mara mbili, wala mara nne. Huongezeka mara 16. Anayejua kazi ya kumwagilia shamba kwa mpira ameshaona hili: ukibadilisha mpira mpana kwa mwembamba, pampu ile ile inaunguruma na maji yanatoka kama machozi.

Lakini mapafu yana akiba kubwa ya mishipa. Mtu aliyetolewa pafu zima kwa upasuaji anaweza kukaa kwenye kiti bila presha yake ya mapafu kupanda sana, mradi pafu lililobaki ni zima. Akiba hiyo ni rehema, na pia ndiyo inayouficha ugonjwa. Hadi mtu aanze kuhema akiwa amekaa, sehemu kubwa ya mishipa imeshaziba.

Kukosa oksijeni kunahusikaje?

Mishipa ya mapafu ina tabia iliyo kinyume na ya mwili wote. Msuli wa mguu ukikosa oksijeni, mishipa yake hupanuka ili damu iongezeke. Kipande cha pafu kikikosa oksijeni, mishipa yake hubana. Mwaka 1946 wanasayansi wawili wa Sweden, von Euler na Liljestrand, walilionyesha hilo kwa paka.

Tabia hii ina hekima. Kipande kimoja cha pafu kikijaa makohozi, hakuna faida kukipelekea damu, bora iende penye hewa. Balaa huja pale oksijeni inapopungua katika pafu zima, siku baada ya siku: kwa mapafu yaliyoharibiwa na moshi, kwa makovu ya kifua kikuu, kwa mtu anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, au kwa kuishi juu sana milimani. Hapo mishipa yote hubana pamoja, na mbano wa muda mrefu huzaa unene wa kudumu.

Hata wanyama hupatwa. Ng'ombe wanaopandishwa kwenye malisho ya milima ya Colorado, Marekani, baadhi yao huvimba kidari hadi kuninginia, kwa sababu upande wa kulia wa moyo umeshindwa kusukuma damu kupita mapafuni.

Moyo wenyewe unaathirikaje?

Chumba cha upande wa kulia wa moyo, ile pampu ya mapafuni, kina ukuta mwembamba, kwa kuwa kazi yake tangu kuzaliwa ni nyepesi. Kinapokutana na ukinzani, hujenga misuli kama mkono wa mpasua kuni. Kwa muda hufaulu, na mgonjwa hajui lolote. Kisha msuli huchoka, chumba hutanuka, vali yake huacha kufunga sawasawa na damu hurudi nyuma: shingoni, kwenye ini, tumboni, miguuni.

Kwenye kipimo cha eko, picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, jambo hili huonekana wazi hata kwa asiye daktari. Chumba cha kushoto, kikitazamwa kwa kukatwa kati, huwa duara kama kipande cha chungwa. Kwa mwenye presha kali ya mapafu, ukuta wa kati umesukumwa kutoka kulia na lile duara limekuwa herufi D. Mgonjwa akiomba kuonyeshwa kwenye skrini, nashauri aonyeshwe. Wengi huanza kumeza dawa kwa bidii siku hiyo.

Wengi wanaokufa kwa ugonjwa huu huuawa na kushindwa kwa upande wa kulia wa moyo. Kwa hiyo daktari anayekufuatilia hatazami mapafu peke yake.

## Inatoka wapi

Nina ugonjwa wa vali ya moyo. Unafikaje mapafuni?

Hadithi hii huanza utotoni, kwa koo. Mtoto hupata mafindofindo ya bakteria wa streptokoka, hayatibiwi vizuri, na wiki chache baadaye kinga ya mwili wake inakosea adui na kushambulia viungo na moyo. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Ikirudiarudia, vali ya mitrali, ule mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto, hupata kovu na kuwa nyembamba.

Damu inayotoka mapafuni hupita mlango huo. Mlango ukibana, foleni hurudi nyuma: kwanza chumba cha juu cha kushoto, kisha vena za mapafu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, kisha kapilari, vile vishipa vyembamba kabisa, ambapo maji huanza kuvujia kwenye vifuko vya hewa. Ndiyo maana mgonjwa hulala kwa mito mitatu na huamka usiku kutafuta dirisha. Foleni ikidumu, ateri nazo hubana na kunenepa, kama ilivyoelezwa katika swali la jinsi mishipa inavyoharibika.

Habari njema ni kwamba katika kundi hili la pili mlango ukifunguliwa au vali ikibadilishwa, presha ya mapafu mara nyingi hushuka, tena sana. Na kabla ya kufika huko, sindano ya penisilini ya benzathini kila baada ya wiki tatu au nne humkinga aliyewahi kupata homa hiyo isimrudie. Ukiwa na mtoto aliyeandikiwa sindano hizo, usiziache kwa sababu anaonekana mzima.

Kichocho kinaingiaje kwenye mapafu?

Kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Mara hadi Kisumu, swali hili si la mbali. Minyoo ya kichocho cha matumbo hutaga mayai kwenye mishipa ya utumbo, na mengi huchukuliwa na damu hadi kwenye ini na kukwama huko. Ini hufanya makovu kuyazunguka, damu inakosa njia ya kupita, bandama inavimba, na mwili unafungua njia za mchepuko zinazolikwepa ini. Kupitia njia hizo mayai hufika mapafuni na kukwama kwenye ateri ndogo. Mwili huyapiga vita, na mabaki ya vita hivyo ni ukuta wa mshipa uliovimba na kukakamaa. Zaidi ya hayo, damu isiyochujwa na ini hufika mapafuni na kemikali ambazo hazikupaswa kufika.

Prazikwanteli huua minyoo. Haifuti kovu lililokwisha kutengenezwa. Kwa sababu hiyo zile kampeni za kugawa dawa shuleni zina maana kubwa kuliko kuzuia maumivu ya tumbo tu.

Nina VVU na natumia ARV. Nami nimo hatarini?

Hatari ipo lakini ni ndogo: kama mtu mmoja katika kila 200 wanaoishi na VVU. Virusi haviingii kwenye seli za ukuta wa mshipa. Inaonekana protini zake na uvimbe wa muda mrefu mwilini ndivyo vinavyoziumiza. Inaweza kutokea hata kwa mtu mwenye kinga nzuri. Kwa hiyo ukianza kuishiwa pumzi na picha ya kifua haina kitu, usikubali kuambiwa tu kwamba ni "mambo ya virusi". Uliza kuhusu eko. Mwingiliano wa dawa umeelezwa kwenye swali la sildenafili.

Na moshi wa kuni?

Mwanamke aliyepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha kwa miaka 30 anaweza kuwa na mapafu ya mvutaji sigara bila kushika sigara hata siku moja. Njia ni ile ya kukosa oksijeni iliyoelezwa juu. Aliyepona kifua kikuu na kubaki na makovu mapana naye yumo: vidudu vimekufa, lakini eneo la kupitishia damu limepungua.

Sikoseli je?

Seli nyekundu zikipasuka ovyo, humwaga hemoglobini kwenye damu, na hemoglobini hiyo hufyonza naitriki oksaidi kabla haijafanya kazi yake. Mishipa hukosa kilegezi. Mgonjwa wa sikoseli ambaye kuhema kwake kumezidi kile alichozoea anahitaji eko hata kama kiwango cha damu hakijashuka.

Niliwahi kupata donge la damu mguuni likaenda mapafuni. Limekwisha?

Kwa wengi, ndiyo. Kwa wachache donge haliyeyuki lote, linageuka kovu linaloshikamana na ukuta wa ateri. Ukiwa umetumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa miezi mitatu na bado unahema, rudi upimwe. Nasisitiza hili kwa sababu kundi hili la nne ndilo pekee lenye upasuaji wa kuponya kabisa: daktari hufungua ateri na kulichubua kovu kutoka ndani, kipande kizima chenye umbo la matawi. Si kila anayeugua anafaa kwa upasuaji huo, na unafanyika katika vituo vichache, lakini anayestahili asikose kwa kutopimwa.

Ni kweli dawa za kupunguza unene zinaweza kuileta?

Kweli kabisa, na dunia ilijifunza kwa machungu. Mwaka 1965 dawa ya kuzuia njaa iitwayo aminoreksi iliingia sokoni Uswisi, Ujerumani na Austria. Muda si mrefu hospitali za huko zilianza kupokea watu wenye presha ya mapafu isiyo na maelezo, wengi kuliko ilivyowahi kuonekana. Ikaondolewa mwaka 1968. Janga hilo ndilo lililosababisha Shirika la Afya Duniani kuitisha mkutano wa kwanza wa ugonjwa huu, Geneva, mwaka 1973. Miongo miwili na zaidi baadaye, mwaka 1997, fenfluramini, dawa nyingine ya kupunguza unene, nayo ikaondolewa.

Vidonge na chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni bila orodha ya kilichomo, mimi nawaomba ndugu zangu wasivitumie.

Inarithiwa?

Kwa familia chache. Jeni inayohusika zaidi inaitwa BMPR2 na iligunduliwa mwaka 2000. Kazi yake ni kuzuia seli za mshipa zisizaliane ovyo. Wengi waliobeba kasoro yake hawaugui kamwe, na wanawake huugua zaidi ya wanaume.

## Dalili na vipimo

Dalili zake ni zipi?

Ya kwanza ni kuishiwa pumzi unapofanya kazi. Huja taratibu mno hata mtu huizoea. Mama mmoja alinieleza hivi: zamani alibeba ndoo ya lita 20 kutoka bombani hadi mlangoni bila kutua. Kisha akawa anatua mara moja penye mwembe. Kisha mara mbili. Kisha akawa anamtuma mtoto, na majirani wakasema amekuwa mtu mkubwa sasa, ana wa kumtuma. Hakuna aliyeona ugonjwa hapo, hata yeye.

Baadaye huja uchovu usioisha kwa usingizi, moyo kwenda mbio, kifua kubana, kizunguzungu au kuzimia ukipanda ngazi. Miguu huvimba. Jioni mkanda wa kandambili huacha mfereji juu ya wayo, na ukikandamiza muundi wa mguu kwa kidole gumba kwa sekunde kumi, shimo hubaki. Tumbo hujaa maji, midomo huwa ya bluu. Kwa wachache sauti hukwaruza, kwa sababu ateri iliyofura inabana mshipa wa fahamu unaoendesha sauti.

Kuzimia wakati wa kazi ni dalili ya hatari. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Kwa nini nilitibiwa pumu kwa miaka miwili kabla ya kugunduliwa?

Kwa sababu kuhema ni kuhema, na kwa stetoskopu mapafu ya mgonjwa wa kundi la kwanza husikika safi. Wanawake vijana huambiwa ni pumu, upungufu wa damu, au mawazo. Alama ya kuangalia ni hii: dawa ya kuvuta ya pumu haileti nafuu, kifua hakipigi mluzi, lakini pumzi inazidi kupungua.

Nitapimwaje?

Huanza kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), picha ya kifua na eko. Eko hukadiria presha kwa kupima kasi ya damu inayovuja kurudi nyuma kwenye vali ya upande wa kulia. Ni makadirio, nayo yanaweza kupotoka juu au chini.

Kipimo cha uhakika ni katheta ya moyo wa kulia: mrija mwembamba hupitishwa kwenye vena ya shingo, mkono au kinena hadi ateri ya mapafu, na presha husomwa humo humo. Mgonjwa huwa macho. Kipimo hicho pia hutofautisha kundi la kwanza na la pili, jambo ambalo eko peke yake mara nyingi haliwezi. Hufanyika katika vituo vikubwa vya moyo, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam. Anayekiogopa nitamweleza kwamba mtu wa kwanza kukithibitisha alijifanyia mwenyewe: daktari kijana Werner Forssmann, Eberswalde, Ujerumani, mwaka 1929, alijipitishia mrija mkononi hadi moyoni, kisha akatembea kwa miguu kwenda kupigwa picha ya eksirei. Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili.

## Matibabu

Inapona?

Inategemea kundi. La pili hupata nafuu kubwa chanzo kikitibiwa. La nne linaweza kupona kwa upasuaji. La tatu hutulia kwa kutibu mapafu na kupewa oksijeni. La kwanza halijapatiwa tiba ya kulimaliza, lakini dawa zimebadilisha sana hali: katika miaka ya 1980, kabla hazijapatikana, nusu ya wagonjwa wa Marekani wa aina isiyo na chanzo walifariki ndani ya miaka mitatu hivi tangu wagunduliwe. Leo wengi wanaotibiwa huishi zaidi ya hapo.

Nimeandikiwa sildenafili. Si ndiyo dawa ya nguvu za kiume?

Ndiyo hiyo hiyo, na dada zetu wengi huona aibu kuinunua dirishani. Usione aibu. Huifanya kazi ya naitriki oksaidi idumu, na mishipa ya mapafu hulegea. Kwa presha ya mapafu hutumika kwa dozi ndogo, mara tatu kwa siku, kila siku.

Mambo matatu tafadhali. Usiichanganye na dawa za naitreti za maumivu ya kifua. Presha ya mwili huweza kuporomoka. Ukiwa unatumia ARV zenye ritonaviri, mwambie daktari, kwa kuwa ritonaviri huipandisha sildenafili kwenye damu. Na usimgawie jirani mwenye "ugonjwa kama wangu": akiwa na vali iliyobana, kufungua mishipa ya mapafu ni kuongeza magari kwenye foleni isiyosogea, na mapafu yake yanaweza kujaa maji.

Kuna dawa gani nyingine?

Bosentani na wenzake huzuia endothelini. Huhitaji kupima ini. Zipo zinazoiga prostasaiklini, kwa kudungwa au kuvutwa, ambazo ni ghali na kwetu hazipatikani kirahisi. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha sotatasepti, sindano ya kila wiki tatu inayolenga kule kuzaliana kwa seli za ukuta badala ya kulegeza tu. Vidonge vya kukojosha, kama furosemaidi, havigusi mishipa ya mapafu, lakini ndivyo vinavyorudisha miguu kwenye viatu. Punguza chumvi, ukiwemo ule mchuzi wa vipande vya supu.

## Hali za pekee

Naweza kubeba mimba?

Hili ni jibu gumu, nami nalisema kwa huruma. Katika ujauzito damu ya mama huongezeka karibu nusu, na mishipa iliyofungika haiwezi kuipokea. Madaktari wa moyo duniani wanaiweka hali hii katika daraja la juu kabisa la hatari kwa mjamzito, na siku za baada ya kujifungua huwa hatari kuliko zote. Ushauri ni kutobeba. Pia bosentani huharibu kiumbe tumboni na hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, kwa hiyo chagueni njia pamoja na daktari. Kama mimba imeshaingia, nenda kituo kikubwa leo, usifiche kwa kuogopa kugombezwa.

Naweza kuishi nyanda za juu, au kupanda ndege?

Wapo wagonjwa wa Eldoret au Njombe ambao hupumua vizuri zaidi wakiteremka Mombasa au Dar es Salaam, kwa sababu ya ule mbano wa oksijeni. Ndani ya ndege hewa huwa kama ya mlima wa hadi mita 2,400, hivyo mwenye kuhema akiwa amekaa apimwe oksijeni kabla ya kukata tiketi. Kupanda Kilimanjaro, mita 5,895, haifai kabisa.

Mwanangu mchanga aliambiwa ana presha ya mapafu. Ataishi nayo?

Si lazima. Tumboni mwa mama mapafu hayatumiki, mishipa yake imebana na damu huyakwepa. Pumzi ya kwanza ndiyo huifungua. Kwa watoto wengine, hasa waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa au kuvuta mapafuni kinyesi cha tumboni, mishipa huchelewa kufunguka. Ni dharura, lakini wengi wanaovuka wiki za kwanza hawabaki na ugonjwa wa kudumu.

Binti yangu ana tundu kwenye moyo. Wamesema limechelewa kuzibwa. Kwa nini, ilhali akiwa mkubwa ndiyo alipata nafuu?

Wazazi wengi hueleza hivyo: alipokuwa mchanga alitoka jasho akinyonya, hakuongezeka uzito, homa za kifua hazikuisha, kisha akifikia miaka miwili au mitatu akatulia, nao wakamshukuru Mungu na kuacha kliniki. Utulivu ule ndio uliodanganya. Mwanzoni damu ilipita tunduni kutoka kushoto kwenda kulia na kufurika mapafuni. Mishipa ikapigwa na mafuriko hayo mwaka hadi mwaka, ikanenepa. Ilipobana vya kutosha mafuriko yalikoma, na kifua kikatulia. Presha za pande mbili zikalingana, kisha ya kulia ikazidi, na damu isiyo na oksijeni ikaanza kuvuka kwenda mwilini. Hapo ndipo midomo na kucha hugeuka bluu. Victor Eisenmenger, daktari wa Vienna, alimweleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1897, na hali hii inaitwa kwa jina lake.

Sasa lile tundu limekuwa mlango wa dharura wa chumba cha kulia. Likizibwa, chumba hicho kitasukuma dhidi ya mishipa iliyofungwa bila pa kupumulia, na kitashindwa. Hii ndiyo sababu ya kukataa upasuaji, hawajamtupa. Dawa za kundi la kwanza, kama bosentani, zinaweza kumpa nguvu zaidi. Anywe maji ya kutosha wakati wa joto na wakati wa kuhara, meno yake yatunzwe, asipewe damu wala kupunguzwa damu bila mtaalamu kuamua, na kila dripu anayowekewa ichungwe isiingie na mapovu ya hewa, maana kwake povu linaweza kuvuka tundu na kwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Na kama ana mdogo wake anayetoka jasho akinyonya, huyo apelekwe eko wiki hii.